Maneno Madogo Yanayoamua Jibu: Kiswahili cha Mafumbo ya Hesabu

Kazi ya kusanifu istilahi za hisabati kwa Kiswahili imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kutafuta majina. Jambo hilo si la kushangaza. Baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, mwalimu aliyesimama mbele ya ubao alihitaji kwanza kabisa majina ya vitu alivyotaka kuvifundisha: mstatili, mzingo, kipenyo, wastani, asilimia, kigawo kikubwa cha shirika. Majina hayo yalipatikana, na baadhi yake yamekaa katika lugha kana kwamba yamekuwamo siku zote. Namba tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, na mtoto akiambiwa mara moja kwa nini imeitwa tasa hahitaji kuambiwa tena. Namba shufwa na namba witiri hazikuwa ngeni hata kidogo kwa watu wa pwani, waliokuwa wakiyatumia maneno hayo katika mambo ya sala kabla ya kuyakuta katika kitabu cha hesabu.

Hata hivyo, mtoto aliyeyashika majina yote hayo, na anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya bila kukosea, bado huweza kushindwa pindi hesabu ileile inapoletwa kwake kwa njia ya masimulizi. Hapo kinachoamua jibu si jina. Kinachoamua ni maneno madogo: toa, zidi, mara, kwa, hadi, kila, zaidi, yaliyobaki. Maneno haya hayamo katika orodha za istilahi, kwa sababu kila mmoja wetu hudhani kwamba anayajua. Ni maneno ya nyumbani na ya sokoni, na ndiyo maana yanaponza. Neno la nyumbani huja darasani likiwa na maana zake zote za nyumbani, ilhali hesabu huitaka maana moja tu.

Jambo hili lina uzito wake. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi ndio unaotumika kuchagua wanafunzi wa kuingia Kidato cha Kwanza. Mtihani huo hutolewa kwa Kiswahili kwa walio wengi, na kwa Kiingereza kwa shule zinazofundisha kwa lugha hiyo. Swali moja la hesabu za masimulizi, kwa hiyo, husomwa na watoto wengi sana kwa siku moja na saa moja, na wala hawana ruhusa ya kumwuliza msimamizi, "Mwalimu, hapa ulikusudia nini?" Sentensi yenye njia mbili ikipita mikononi mwa mtungaji bila kuonekana, atakayeadhibiwa si mtungaji. Ni mtoto aliyeifuata njia ya pili.

Na tuanze na vitenzi, kwa kuwa huko ndiko kwenye mitego mingi zaidi. Tuliwahi kuonyeshwa daftari la mtoto wa Darasa la Sita, mtoto hodari wa jedwali la kuzidisha, aliyeulizwa hivi: ng'ombe wa Bibi Mwajuma hutoa lita 6 za maziwa kila siku, je, kwa siku 14 hutoa lita ngapi? Jibu lake lilikuwa 8. Alikuwa ameandika kwa mwandiko safi kabisa 14 − 6 = 8, na mwalimu alikuwa ametia alama ya kosa bila neno lolote. Mtoto yule hakukosea hesabu. Alifundishwa kwamba neno "toa" ni alama ya kupunguza, akaliona neno "hutoa", akapunguza. Ng'ombe kutoa maziwa, shamba kutoa magunia, mwembe kutoa maembe, yote hayo ni kuzaa na kuleta. Katika hesabu, kutoa ni kuondoa. Lugha haioni ubaya wa kuliweka neno moja kazini mara mbili, lakini mtoto aliyefundishwa kuwinda maneno badala ya kusoma sentensi hana njia ya kujua ni kazi ipi inayofanyika.

Kitenzi "zidi" kina hila kubwa zaidi. Kuzidisha, katika somo la hesabu, ni tendo la tatu kati ya matendo manne. Lakini kuzidi, kitenzi kilichozaa kuzidisha, maana yake ni kupita kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hupatikana kwa kutoa, si kwa kuzidisha. Tuseme: Asha anamzidi Neema miaka 3, na jumla ya miaka yao ni 25. Asha ana miaka mingapi? Anayefuata sauti ya neno atazidisha 3 kwa 25 apate 75, naye hatashtuka kwamba amempa binti wa shule umri wa bibi yake. Anayefuata maana ataondoa ile miaka 3 katika 25, abakiwe na 22, agawanye mafungu mawili sawa, apate 11 kwa Neema na 14 kwa Asha. Katika mazungumzo ya kawaida mambo huchanganyika hata zaidi: "usizidishe chumvi" haimwambii mpishi apige hesabu yoyote, bali asiongeze mno.

Hali kadhalika "gawa". Mwalimu aliwagawia wanafunzi 42 madaftari, kila mmoja madaftari 5. Aligawa madaftari mangapi? Hapa aliyegawa ametufanya tuzidishe, tupate 210. Kitendo cha mtu katika hadithi ni kitu kimoja, na tendo la hesabu linalotakiwa ili kujibu swali ni kitu kingine. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msomaji wa hesabu za masimulizi anapaswa kulielewa, na kwa bahati mbaya ndilo linalozimwa na desturi ya kuwakaririsha watoto orodha za "maneno ya kujumlisha" na "maneno ya kutoa". Sisi hatuzipendi orodha hizo. Zinamsaidia mtoto katika maswali matano ya kwanza ya kitabu, kisha zinamwangusha katika swali la sita.

Si tatizo la Kiswahili peke yake. Mwaka 1980 ilitolewa huko Grenoble, Ufaransa, taarifa ya uchunguzi ambao umesimuliwa sana tangu wakati huo. Watoto wa madarasa ya chini waliulizwa: chomboni mna kondoo 26 na mbuzi 10; je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 waliupata umri wa nahodha kutokana na namba hizo mbili. Hatudhani kwamba watoto wale walikuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza, katika miaka yao michache ya shule, kwamba swali la hesabu ni mahali ambapo namba hupewa mtu ili azifanyie kitu, na kwamba hadithi inayozizunguka ni pambo tu.

Neno la pili tunalotaka kulichambua kwa kirefu ni "mara". Nalo ni neno la kazi nyingi. Alikwenda sokoni mara tatu. Meza dawa mara tatu kwa siku. Njoo mara moja, yaani upesi. Mara mvua ikanyesha. Katika hesabu limepewa kazi ya kusoma alama ya kuzidisha: sita mara nne ni ishirini na nne. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza tunapolinganisha. Juma ana ng'ombe 12, na Ali ana ng'ombe mara tatu zaidi ya Juma. Ali ana ng'ombe wangapi? Wako watakaosema 36, kwa kuwa husikia "mara tatu ya ng'ombe wa Juma". Wako watakaosema 48, kwa kuwa husikia "ng'ombe wa Juma, na zaidi ya hao mara tatu yao". Wote wawili wana hoja, na wote wawili ni wasemaji wazuri wa Kiswahili. Neno lililoharibu ni "zaidi", ambalo limeingizwa ili kuipa sentensi nguvu, likaiongezea ng'ombe 12. Twapendekeza kwamba katika mitihani neno "zaidi" litumike kwa tofauti tu ("Ali ana ng'ombe 24 zaidi ya Juma"), na neno "mara" lifuatwe na "ya" bila kuwekewa kitu kati: "idadi ya ng'ombe wa Ali ni mara tatu ya idadi ya ng'ombe wa Juma". Sentensi ya pili ni ndefu, lakini haina mlango wa nyuma.

Mashaka hayohayo yamo katika "ongezeka mara mbili". Zao la magunia 50 lililoongezeka mara mbili limekuwa 100 au 150? Kusema "lilikuwa mara mbili ya zao la mwaka uliotangulia" kunaondoa shaka, na neno la zamani "maradufu" linatosha pale ambapo 100 ndiyo inayokusudiwa. Ama kuhusu "kupungua mara tatu", ambayo siku hizi husikika hata katika taarifa za habari, tungependa iachwe kabisa. Kitu kilichopungua mara tatu kiasi chake hakina la kufanya ila kuwa chini ya sifuri. Tuseme kimekuwa theluthi moja ya kilivyokuwa.

Hapa kuna jambo la kutia moyo kuhusu lugha yetu. Mwaka 1981 John Clement, Jack Lochhead na George Monk walichapisha nchini Marekani habari za swali dogo walilowauliza wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Wanafunzi hao walipewa sentensi isemayo kwamba katika chuo kimoja idadi ya wanafunzi ni mara sita ya idadi ya maprofesa, wakatakiwa waiandike kwa herufi, W ikisimamia idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa. Asilimia 37 yao walikosea, na walio wengi kati ya waliokosea waliigeuza: waliandika 6W = P badala ya W = 6P. Kwa Kiingereza maneno "mara sita" hutangulia na kukaa karibu na wanafunzi, na jicho huyashika kwa mfuatano huo. Kwa Kiswahili sanifu tulichokipendekeza hapo juu, sentensi husomeka kama mlinganyo wenyewe: idadi ya wanafunzi, ni, mara sita ya, idadi ya maprofesa. Msomaji akiandika alama kwa kufuata maneno moja baada ya jingine atafika salama.

Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwa sababu watafiti wale waligundua kwamba mpangilio wa maneno haukuwa chanzo pekee. Wanafunzi wengine walijua fika kwamba wanafunzi ni wengi kuliko maprofesa, hata hivyo wakaandika 6W, kwa sababu waliisoma herufi W kama jina fupi la wanafunzi: wanafunzi sita, profesa mmoja. Herufi haikuwa kwao idadi, ilikuwa lebo. Na kosa hilo hutujia hata sisi, tena kwa urahisi, kila tunapofundisha kwa kusema "tuite wanafunzi W" au "m ni maembe". Herufi haisimamii maembe. Inasimamia idadi ya maembe, au bei ya embe moja, au uzito wa maembe yote, na ni lazima tuseme ni lipi kati ya hayo. Neno "idadi" likiachwa kwa kuona uvivu wa kuliandika, mtoto amenyimwa nusu ya aljebra.

Sasa tulitazame neno "kwa". Huenda hakuna neno dogo katika Kiswahili linalobebeshwa mzigo mkubwa zaidi katika somo la hesabu. Gawanya 24 kwa 6. Zidisha 24 kwa 6. Mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Chumba cha meta 5 kwa 4. Bei ilipanda kwa shilingi 300. Aliuza kwa hasara. Mtu anaweza kuyatia yote katika sentensi moja, nayo ikakubalika: gawa shilingi 50,000 kwa Ali na Juma kwa uwiano wa 3 kwa 2. "Kwa" ya kwanza inaonyesha wapokeaji, ya pili inaonyesha kanuni ya kugawa, ya tatu inasoma alama ya uwiano. Ali apate 30,000 na Juma 20,000. Sentensi hiyo hatuilaumu. Mtoto aliyezoea atasoma bila taabu. Tunayoilaumu ni "kwa" ya bei. Mfugaji akisemwa kwamba aliuza mbuzi 5 kwa shilingi 80,000, sokoni hakuna atakayebabaika, maana anayesikia anajua bei ya mbuzi na anauona uso wa muuzaji. Kwenye karatasi ya mtihani hakuna mbuzi wala uso. Ni shilingi 80,000 kila mbuzi, au kwa mbuzi wote watano? Maneno mawili tu, "kila mmoja" au "wote pamoja", yanatosha kumaliza ubishi.

Iko pia tofauti kati ya "kwa" na "hadi". Bei ya sukari ilipunguzwa kwa shilingi 500. Bei ya sukari ilipunguzwa hadi shilingi 500. Hapa lugha imefanya kazi yake vizuri na haidaiwi kitu. Kinachodaiwa ni usomaji wa makini. Lakini mwandishi akisema "ilipungua shilingi 500" bila neno lolote katikati, basi amekula lile neno ambalo msomaji alilihitaji. Vivyo hivyo katika kuhesabu siku: kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 9 ni siku 7, kwa kuwa tarehe zote mbili zimo, ilhali anayetoa 3 katika 9 atapata 6. Na namba zilizo "kati ya 10 na 20" ni tisa au kumi na moja, kwa kutegemea kama nguzo za mlango zinahesabiwa kuwa sehemu ya mlango. Mtungaji na aseme.

Kuhusu saa tunayo mengi ya kusema, kwa maana hapa Kiswahili kina utaratibu wake, nao ni wa busara, lakini hauwezi kuchanganywa na mwingine bila tahadhari. Kwanza, "saa nne" ni wakati na vilevile ni muda. Basi lilisafiri saa nne: liliondoka asubuhi wakati wa chai, au lilikuwa njiani kwa muda huo? Walimu wa lugha wamewakemea watu kwa miaka mingi kwa kusema "masaa manne", nao wana haki kwa upande wa ngeli. Ila tukubali kwamba watu hawakulibuni neno hilo kwa ukaidi. Walihisi pengo, wakaliziba. Katika maandishi sanifu pengo hilo huzibwa kwa kusema "muda wa saa nne", na katika mtihani neno "muda" lisikosekane kamwe.

Pili, saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na kuanza upya jua linapotua. Basi liliondoka saa 11:30 alfajiri likafika saa 4:15 asubuhi. Lilitumia muda gani? Mtoto anayetoa namba ndogo katika kubwa atapata saa 7 na dakika 15, na jibu hilo, tunakisia, huwa limewekwa tayari miongoni mwa majibu ya kuchagua ili limnase. Njia iliyo nyepesi ni kupumzika saa kumi na mbili: kutoka 11:30 hadi 12:00 ni dakika 30, kutoka hapo hadi saa 4:15 ni saa 4 na dakika 15, jumla ni saa 4 na dakika 45. Anayependa mtindo wa saa 24 atabadili wakati wote mara mbili, 0530 na 1015, kisha atatoa. Kubadili mmoja na kuuacha mwingine ndiko kunakoleta majibu ya ajabu.

Tatu, na hili aghalabu husahauliwa na watungaji waliokulia mbali na pwani: kwa desturi ya Waswahili siku huanza magharibi, usiku ukitangulia mchana wake. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu au wa Pemba ni ule unaoanza Alhamisi jua linapotua. Kwa kijana wa mjini aliyelelewa na kalenda ya ukutani, ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Tuseme meli ilitia nanga usiku wa Ijumaa saa 2, ikang'oa nanga Jumamosi saa 8 mchana. Kwa kijana ilikaa bandarini muda wa saa 18. Kwa mzee ilikaa saa 42. Tofauti ya siku nzima imetokana na neno "wa". Lugha yenyewe imeshatupa dawa: "Ijumaa usiku" kwa maana ya kwanza, na "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa maana ya pili.

Mengine tutayapitia kwa haraka. "Bei ya jumla" ni bei ya anayenunua vitu vingi kwa pamoja, kinyume cha rejareja. "Jumla ya bei" ni bei zote zikiunganishwa. Na mtoto wa muuza duka huyatofautisha kuliko mtoto wa mwalimu. Gunia si kipimo mpaka zitajwe kilo zake, na wanaolijua lumbesa, lile gunia linalovimbishwa kwa kushonewa kofia na kukatazwa na sheria za vipimo, wanaelewa kwa nini tunasema hivyo. Asilimia daima ni asilimia ya kitu fulani: mwenye duka aliyenunua kanga kwa shilingi 10,000, akaongeza asilimia 20, kisha akapunguza asilimia 20 ya bei aliyoipanga, hakurudi alikoanza, bali ameiuza kwa 9,600 na kupata hasara ya 400. Na silabi za kitenzi zisipuuzwe. Mtu mwenye shilingi 90,000 aliyetumia theluthi moja, kisha akatumia nusu ya zilizobaki, amebakiwa na 30,000. Angetumia theluthi moja kisha nusu ya fedha zote alizokuwa nazo mwanzoni, angebakiwa na 15,000. Yote hayo yamo ndani ya "zilizobaki".

Je, anayetahiniwa afanyeje? George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua maswali ya hisabati, aliiweka hatua ya kulielewa swali mbele ya hatua zote. Kwa Kiswahili cha darasani tungesema hivi: kabla ya kugusa namba yoyote, lisimulie swali kwa maneno yako bila namba. Bibi ana ng'ombe, kila siku anapata maziwa, siku zimepita kadhaa, tunataka kujua maziwa yote. Mtoto anayeweza kusimulia hivyo hatatoa 6 katika 14. Asiyeweza, hata akipata jibu sahihi, amelipata kwa bahati. Baada ya hapo achore au apange jedwali dogo, aandike sentensi ya hisabati, akokotoe, kisha alirudishe jibu ndani ya hadithi aone kama linakaa. Umri wa miaka 75 haukai kwa Asha.

Limebaki neno lenyewe. Shuleni hesabu za namna hii huitwa mafumbo, na kuzitafuta majibu huitwa kufumbua. Ni istilahi nzuri kwa sikio, yenye mizizi katika ushairi na katika mazungumzo ya watu wazima. Lakini fumbo, kwa asili yake, ni neno lililofungwa makusudi. Wahenga walisema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Nao walisema kweli kuhusu mafumbo. Hesabu ya mtihani haikusudii kumficha mtu kitu. Inakusudia kumpa habari zote zilizo wazi, ili kinachopimwa kiwe uwezo wake wa kuzipanga na kuzikokotoa. Sisi tunaelekea kuona kwamba "hesabu ya maelezo" lingekuwa jina lenye haki zaidi, na mafumbo yaachiwe yale maswali ya kuchangamsha akili ambayo kweli yamefumbwa. Hatutarajii walimu wataliacha neno walilolizoea kwa kusoma makala hii. Lakini mtungaji anayejiona anatunga fumbo, hata bila kukusudia, huona fahari kidogo sentensi yake inapokuwa ngumu.

Kwa kuonyesha tulichokusudia, tumetunga swali ambalo mtu angeweza kulipitisha bila kulishuku. Mfanyabiashara alinunua magunia 8 ya mahindi kwa shilingi 60,000, akayauza kwa faida ya asilimia 25. Alipata kiasi gani? Ikiwa shilingi 60,000 ni ya magunia yote, na "alipata" ina maana ya faida, jibu ni 15,000. Ikiwa "alipata" ina maana ya fedha zote alizopokea, jibu ni 75,000. Ikiwa shilingi 60,000 ni ya kila gunia, basi faida ni 120,000, na mapokezi yote ni 600,000. Mtungaji akihitaji majibu manne ya kuweka chini ya swali, amekwisha kuyapata, na kila moja lina mwenye kulitetea. Sasa tuliandike upya. Mfanyabiashara alinunua magunia 8 ya mahindi, kila gunia kwa shilingi 60,000. Aliyauza yote kwa faida ya asilimia 25 ya bei aliyonunulia. Je, faida yake yote ilikuwa shilingi ngapi? Maneno yameongezeka machache, na jibu limekuwa moja, 120,000.